Mlango wa Mzee Nzioka

Umeme ukipotea hapa Wote, kitu cha kwanza kunyamaza ni friji. Halafu redio ya jirani wa ghorofa ya juu, halafu mashine ya kinyozi wa pale kona, na mara mtaa mzima unakuwa kama umeshusha pumzi. Watoto wangu hulalamika. Mimi huacha nilichokuwa nikifanya, nikakaa na kusikiliza, maana ukimya wa namna hiyo hunirudisha mpaka milima ya Kilungu, kwa Susu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya.

Nilipelekwa kwake nikiwa msichana wa darasa la tatu. Kabla ya hapo niliishi Mtito Andei na mama yangu, Mwikali, aliyekuwa akipika kwenye hoteli ya madereva kando ya barabara ya Mombasa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kituo cha petroli. Nililala nikisikia breki za malori zikipiga chafya, nikaamka nikisikia makanga wakigombania abiria, na nilidhani dunia yote iko hivyo. Mama hakuona ubaya mpaka aliponisikia siku moja nikimtukana kuku kwa maneno ya madereva. Wiki hiyo hiyo alinifungia nguo kwenye mfuko, akanipandisha milimani kwa mama yake.

Jamani, kule kulikuwa kimya. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukafunika mibuni, miparachichi na matuta ya mashamba, ukabaki wewe na masikio yako tu. Ulimsikia ng'ombe akitafuna. Ulimsikia mtu akikohoa ng'ambo ya bonde, lakini mtu mwenyewe humwoni. Nyumba zilikaa mbalimbali, kila moja imejificha ndani ya migomba yake, na njia za miguu zilipita katikati bila mtu juu yake. Kulinukia udongo mbichi na mapera yaliyoiva yakaanguka bila wa kuyaokota. Siku ya kwanza nilimwuliza Susu watu wa huku walihamia wapi. Akaniambia hawajahama, wako makwao wanafanya kazi. Sikumwamini. Nilimwamini Jumapili tu, watu walipojitokeza kanisani wote pamoja, wamevaa makoti na vilemba, wakasalimiana kwa muda mrefu kuliko mahubiri.

Susu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mkali kwa kuku wake na mpole kwangu. Jirani yetu wa karibu kabisa alikuwa Mzee Nzioka, fundi wa mizinga ya nyuki, aliyeishi na mkewe upande wa pili wa safu ya mikaratusi. Mikaratusi hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha maneno. Mzee aliipanda mpakani, na Susu akasema inakunywa maji ya kisima chake. Mzee akasema kisima kilianza kukauka kabla miti haijaota. Basi wakaacha kuongea, na walikuwa wameacha kuongea miaka mingi kabla sijafika.

Mimi ndiye niliyekuja kuwa simu yao. Walikutana kisimani, mmoja huku na mwingine kule, mimi katikati na kibuyu changu. Susu ananiambia, "Mwambie huyo mzee mbuzi wake amekata kamba." Mzee Nzioka amesikia kila neno, lakini anangoja nimgeukie nimwambie. Kisha naye ananiambia nimwambie huyo mama kwamba ameshamwona. Nilifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, na nilidhani kila kijiji kina mtoto wake wa kazi hiyo.

Ilikuwa wakati wa mvua za Desemba, shule zimefungwa. Susu alikuwa kwenye tuta la chini ya nyumba akipalilia maharagwe kwa jembe, mimi nimekaa uani nikichambua mengine ya kupika. Udongo ulikuwa umelowa sana. Nilisikia kishindo kama cha gunia lililodondoshwa, kisha nikasikia mawe madogo yakibingirika. Nilipofika ukingoni nilimwona Susu ameanguka mpaka tuta lililofuata, ukingo umemomonyoka naye. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Macho yalikuwa wazi.

Nilipiga nduru. Sijui nilisema nini, nadhani nilimwita mama yangu aliyekuwa mbali Mtito Andei. Sikuwa hata nimevuta pumzi ya pili nilipomwona Mzee Nzioka akipenya katikati ya mikaratusi yake, gambuti mguuni, akiteremka matuta kama kijana. Alipiga magoti kwenye matope. Na kwa mara ya kwanza tangu niwajue, alimsemesha Susu mwenyewe.

"Mama Mwikali," alisema. "Niangalie. Usilale."

Susu alimwangalia. Kisha akanitafuta mimi kwa macho.

"Mwambie huyo mzee," alisema kwa sauti ndogo, "asinishike huo mguu."

Mzee Nzioka akavua koti lake, akamfunika. Akaniagiza nikae nimshike kichwa na nimwongeleshe, halafu akakimbia kwake. Nikasikia nyundo ikigonga chuma. Wakati huo huo nikasikia kitu ambacho sijakisahau. Sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya bonde iliuliza ni kwa nani, na mkewe Nzioka akajibu ni kwa Mama Mwikali, ameanguka. Sauti ya mbali zaidi ikalichukua jina hilo, na nyingine juu yake, likapanda mlima boma kwa boma kuelekea barabarani. Kisha migomba ikaanza kutoa watu. Wanawake walikuja na leso, wanaume na kamba, mwingine bado ameshika kijiko cha kupikia. Sikuwahi kuwaona wengi hivyo siku isiyo Jumapili.

Mzee Nzioka alirudi na mlango wa nyumba yake kichwani, mlango mzima wa mbao, bawaba bado zinaning'inia. Wakamlaza Susu juu yake, wakamfunga kwa leso, wanaume wakainua. Wanawake walitangulia wakikata matawi na kuonya mahali penye utelezi. Mzee Nzioka alishika upande wa kichwa njia nzima na hakukubali kupokewa. Tulipofika njia panda tulikuta pikapu ya parachichi inatungoja, kwa sababu habari ilifika kabla yetu. Dereva alikuwa ameshashusha magunia yake yote kando ya barabara. Susu akapandishwa akiwa juu ya mlango ule ule, wakaenda hospitali.

Mfupa wa paja ndio uliovunjika. Alikaa huko mpaka maharagwe yakakomaa, na mimi nikawa nikilala kwa mkewe Nzioka, nyuma ya blanketi lililotundikwa mahali pa mlango. Baridi ya Kilungu iliingia humo bila kubisha, na hakuna aliyelalamika. Mama alipokuja alikuta kuku wamelishwa na shamba limepaliliwa, na hakuna aliyemwambia ni nani amefanya. Alitaka kunirudisha Mtito Andei. Nilimwambia siendi. Alinitazama sana, akafuta machozi, akashuka mlima peke yake.

Siku Susu aliporuhusiwa, alikataa kutoka hospitalini bila mlango. Walimtafutia mpaka wakaupata nyuma ya jiko. Alipofika nyumbani aliuosha mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, mkongojo pembeni, kisha akanituma nimwite huyo mzee aje anywe chai. Alikuja amevaa shati la kanisani. Wakakaa meza moja, na Susu akaniambia nimwambie sukari iko hapo. Mzee akaniambia nimwambie ameiona. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Susu akashika paja kwa maumivu. Wiki iliyofuata Mzee Nzioka aliikata mikaratusi iliyokuwa karibu na kisima. Mingine aliiacha, na Susu hakuitaja tena.

Mimi kilichonibakia ni sifa. Kwa miaka mingi nilijivunia nduru yangu. Nilisimulia shuleni, baadaye chuoni, jinsi nilivyopiga ukelele mmoja tu na mtu akatokea papo hapo. Susu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kitandani mwake. Tulipokwisha kumzika nilikwenda kuketi na Mzee Nzioka, sasa mzee kweli, nikamkumbusha sauti yangu ilivyokuwa kali.

Alitabasamu. "Sikuja kwa nduru yako, mama," aliniambia. "Nilikuwa nishatoka. Jembe lilikuwa limenyamaza."

Akanieleza polepole. Susu alikuwa na namna yake ya kulima. Alilima mpaka mwisho wa tuta, akakohoa, akageuka, akaanza tena. Asubuhi ile jembe lilinyamaza katikati ya tuta, na kikohozi hakikufuata. Miaka yote ile hawakusemeshana, na yeye alijua Susu ameamka saa ngapi, amepumzika wapi, amechoka kiasi gani.

Nami nilikuwa nimeishi kule utoto wangu wote nikidhani watu wamenyamaza kwa kuwa hawana la kusema. Sikujua wanasikilizana. Nilimmiminia chai, nikajimiminia na mimi. Tukakaa pale mpaka chai ikapoa, mkewe akichanja kuni nyuma ya nyumba, na niliona kila aliposita, mzee aliinua kichwa kidogo.