Mistari ndani ya Bangili

Sonara aliyenipa kazi ana duka dogo Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni. Wateja wote humwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Alitaka picha za vito vyake, maana watu siku hizi huchagua kwanza kwenye simu, ndipo waje kujaribu.

Nilikuwa nimezoea kupiga picha za harusi. Dhahabu ilinishinda siku ya kwanza. Kila bangili ilionyesha fulana yangu nyekundu, vidole vyangu, hata feni ya darini. Kesho yake nikaja na shati jeupe na kijumba cha karatasi nyeupe: kito ndani, taa nje. Mng'ao ukatulia. Ikabaki lenzi. Ukisogea karibu sana inashika kisehemu kimoja tu, kwingine kote ukungu. Nilijifunza kubana pumzi kabla ya kubonyeza.

Asubuhi moja akaingia mama wa makamo, bangili ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Ami. "Hii ilikuwa ya marehemu mama. Naomba uiyeyushe, unitengenezee hereni za binti yangu. Anaolewa."

Ami alipokwisha kuipima, yule mama aliniuliza kama ningeweza kumpigia picha moja ya ukumbusho kabla haijaingia motoni.

Nikapiga maua yaliyochongwa kwa nje. Kisha nikatamani kuona ndani, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Nikazima taa moja, nyingine nikailaza ubavuni. Kwenye kompyuta ikatokea mistari myembamba, mingi, imelala kama mvua inayosukumwa na upepo.

"Ami, hii nini?"

"Alama za tupa ya kulainishia dhahabu. Kila fundi..." Akavaa miwani. "Hebu kuza."

Nikakuza.

"Imelalia upande mwingine," akasema taratibu. "Sisi wote hapa tupa zetu zinalalia huku. Baba yangu ndiye aliyekuwa mashoto. Mama, marehemu aliinunua wapi?"

"Hapa hapa Kariakoo. Duka hakulitaja. Alikuwa akisema tu kwamba fundi aliimba muda wote, na kuimba kwenyewe hajui."

Ami alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho. "Ndiye huyo!"

Akatuambia kwamba hakuwa na hata pete moja iliyotengenezwa na baba yake. Yote aliyotengeneza mzee aliyauza. Akamwomba yule mama: hereni atazitengeneza kwa dhahabu yake mwenyewe, uzito ule ule, bangili aachiwe yeye.

Mama aliomba aione picha tena, akaitazama kwa muda.

"Na siku nikitaka kuja kuiona?"

"Njoo hata kesho."

Hereni zilikamilika baada ya wiki moja, na mimi ndiye niliyezipiga picha. Yule mama alipokwisha kuzichukua, nilimwomba Ami anipe bangili aliyoitengeneza yeye mwenyewe, nikaiwekea taa ubavuni vile vile. Hakuwahi kuiona kazi yake kwa ukaribu ule. Akaisogelea skrini, pua nusura iguse kioo, akafuatisha mistari kwa ukucha, mmoja mmoja, mpaka akafika mahali ilipopinda.

"Hapa," akasema, "nilikuwa na haraka."