Dawa Niliyompelekea Baba

Mimi ndiye niliyempelekea baba dawa ya magugu. Sitaki mtu anifariji kwa hilo.

Kwetu Mwazye, baba alilima ntumba, matuta ya duara ambayo majani hufukiwa ndani yaoze, yawe mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Nilipopata ajira Sumbawanga mjini, nikajiona msomi, nikamcheka kwamba bado analima kama babu. Nikarudi na dumu la dawa na bomba la kupulizia. Alifurahi mpaka akawaita majirani waone.

Maelezo ya dumu yalikuwa ya Kiingereza. Mimi niliyekijua sikuyasoma. Baba akaikoroga dawa kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, maana kwetu anayekoroga kwa kijiti huonekana anaikwepa kazi. Bomba lilivuja, shati likamkaukia mgongoni. Msimu baada ya msimu.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka, uleule wa kukorogea. Najua huo si ushahidi. Uso ukakakamaa, hatua zikawa fupi. Ndugu wakasema karogwa, wakataka mganga. Niliwafokea, nikampeleka hospitali, huko wakasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Nikamuuliza daktari kama ni ile dawa.

"Inawezekana," alisema. "Wanaoshika dawa za aina hiyo miaka mingi huonekana kuupata zaidi ya wengine. Lakini kwa baba yako siwezi kusema ndiyo, wala hapana."

Nililichukia jibu hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu zangu angalau walikuwa na mchawi wao. Mimi nina "inawezekana", nalala nayo, naamka nayo. Na madukani dawa bado inauzwa, pembeni ya mbegu za mahindi.

Mvua zilipokaribia nikaenda nyumbani kumwambia. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema huenda dawa niliyomletea ndiyo iliyomuumiza, na kwamba sasa basi, dawa isiingie tena shambani.

"Jembe silishiki tena," alisema. "Mama yako atalima peke yake? Ukija, lete madumu mawili."

Nilibishana naye siku mbili. Sikuwa na mikono ya kumpa, wala likizo. Nikayaleta, pamoja na glavu ndefu za mpira, nikamwonyesha mama namna ya kuzivaa.

Mama amezifungia kabatini. Anasema ni nzuri mno kwenda nazo shamba.