Nchi Isiyo na Majani

Watu wananiuliza kama ni kweli nilifika Misri. Ni kweli. Nilikaa kule siku kumi na tisa, na nilipelekwa juu ya uongo. Uongo wenyewe sikuuanza mimi. Ulikuwa umeandikwa ndani ya buku yangu.

Buku, nasema kile kitabu kidogo ambacho kila mwanaume alitembea nacho wakati wa Wabeleji, wale wazungu waliotutawala, chenye jina lake, kijiji chake na kabila lake. Mahali pa kabila, karani aliniandika mutu wa Waarabu. Juu ya nini? Juu tulikaa Kasongo upande wa watu wa kanzu. Babu yangu alikuwa Munyamwezi. Alikuja na muzigo wa shanga kichwani, akautua, akakawia. Lakini alisali na alilima mupunga, basi Wabeleji wakamuhesabu Mwarabu, na siye hatukukataa. Mutu akikupa cheo bila kukuomba kuku, humurudishii.

Wakati ule tulikuwa tumehamia Kabambare, na mimi nilikuwa boyi, mutumishi wa nyumbani, kwa bwana wa pamba. Huyu alikuwa Mubeleji wa kupima mashamba. Kila mwanaume alilazimishwa kulima pamba, na kuipalilia mpaka bwana aseme basi, na pamba ikiisha kuna majani ya barabara mbele ya kijiji. Asiyepalilia alijua njia ya gereza. Na majani ya Kabambare, unayakata siku ya kwanza, siku ya nne yanakuamkia. Baba yangu alikufa amepinda kama jembe lake, tukasumbuka namna ya kumunyoosha ndani ya sanda. Lakini boyi wa bwana alikuwa hashikwi kwa pamba. Ndiyo maana kaptula za bwana nilizipiga pasi kwa upendo ule. Sitaki mutu afikiri nilipenda kaptula.

Bwana alikuwa na madamu wake. Yule mama alisumbuliwa na unyevu. Vitabu vyake vilivimba, shuka zake zilinuka, na viatu vyake vya ngozi viliota uyoga. Nilimuuliza mama yangu kama uyoga ule unalika. Alisema hapana.

Madamu alikata picha ndani ya gazeti akaibandika ukutani mwa jikoni. Ilikuwa nchi ya muchanga, na hema moja. Mimi namenya viazi, yeye anatazama.

"Hapa hakuna kitu," aliniambia siku moja, kwa furaha.

Nikatazama na mimi. Kweli hakukuwa na kitu. Hakukuwa na jani hata moja, toka chini mpaka mahali picha inakatika. Tangu siku ile tulikuwa watu wawili wa kutazama picha moja, yeye na viatu vyake, mimi na mugongo wangu.

Likizo ya bwana ikakaribia, akaniita. Alikuwa ameshika buku yangu.

"Boyi. Hapa inasema wewe Mwarabu."

"Ndiyo, bwana."

"Basi wewe najua sema Kiarabu."

Sasa msinicheke. Siye wote Kasongo tulijua kwamba Kiswahili kililetwa na Waarabu. Mutu akileta nguo, si ndiyo anazovaa kwao? Mimi niliamini nikifika nchi yao nitakuta wanasema Kiswahili, labda kizuri kuliko chetu. Alhamdu na sura fupi za kusalia nilizijua kwa Kiarabu, lakini hizo ni za Mungu, sikuzihesabu kuwa maneno ya watu.

"Ndiyo, bwana."

"Nakwenda Misri. Wewe utakuwa mudomo yangu. Ukisema muzuri, tukirudi utabaki na mimi. Ukinidanganya, nitakupimia shamba mimi mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Kupima ilikuwa kazi yake.

Mama alifua kanzu ya marehemu baba, akaniambia nisalimie ndugu. Nikamuuliza nitawajuaje. Akasema, "Kwa pua, baba." Yeye aliniita baba siku zote, namna mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Halafu akaenda shambani, juu majani hayangoji msafiri.

Njia siisimulii. Lori, mashua ya moshi, gari la moshi, tena mashua, tena gari la moshi. Nilitapika ndani ya zote.

Tuliposhuka steshoni kule Misri, wachukuzi walituvamia, kila mutu na sanduku moja la madamu, wanavutana. Bwana akaniambia, "Waambie polepole." Nikasema kwa Kiswahili cha heshima, kile cha harusini: "Ndugu zangu, muchukue taratibu." Hakuna aliyegeuka. Nikarudia. Bwana ananitazama. Nikaona shamba langu la pamba, limepimwa, na vigingi vyake vinne. Basi nikainua mikono nikasoma Alhamdu, yote, kwa sauti ya musikitini.

Wale wachukuzi wakatua masanduku chini. Wakainua mikono na wao. Nilipomaliza wakasema amina, wakapangusa nyuso, wakabeba kila kitu taratibu kama mayai.

"Umewaambia nini?" bwana akauliza.

"Wachukue polepole, bwana."

Akatingisha kichwa kumuelekea madamu, kama mutu aliyenunua jembe zuri.

Nyumba ya wageni ilikuwa mwisho wa muji, kuta zake zimeshikana na jangwa. Mulinzi wake alikuwa muzee mweusi wa Sudani, aliyepika miaka mingi kwa matajiri wa Unguja. Jioni ile ile alinishika mukono wa kanzu.

"Mwanangu, wachukuzi wamefika hapa kuuliza nani kafiwa. Umewasomea Fatiha katikati ya steshoni kisha hukutaja maiti."

Nilitaka kulia kwa kusikia Kiswahili. Nikamueleza yote, buku, bwana, pamba. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Na Kiswahili chenyewe hiki umekiokota wapi? Kama cha mubeba kuni."

"Kasongo, muzee."

"Sijapasikia. Haya. Mimi nitakuwa mudomo wako, na wewe utakuwa mudomo wa bwana wako. Lakini asubuhi ufagio ni wako."

Sikujua ufagio gani. Kesho yake nikajua. Muchanga ulikuwa umeingia barazani, kwenye ngazi, chini ya milango, mpaka kisimani. Nikafagia toka alfajiri. Saa tisa ya muchana upepo ukaurudisha wote, pengine na ndugu zake. Muzee akaniambia, "Ukiuacha siku tatu, mulango haufunguki." Nikasimama na ufagio wangu nikafikiri juu ya ile picha ya jikoni. Ilikuwa imepigwa saa ngapi?

Lakini nisiseme uongo wa pili, nchi ile niliipenda. Nguo ulikuwa unaianika, ukimaliza kuanika ya mwisho, ya kwanza imekauka. Tende nilikula mpaka tumbo likanigombeza. Na muchana, nikiisha kufagia, nilikaa ukutani natazama jangwa, na macho yangu hayakukuta hata mahali pamoja pa kulima. Yalipumzika macho kwanza, halafu mugongo. Madamu naye alikaa upande wake na viatu vyake vikavu. Bwana akitaka kitu ananiambia, mimi namuambia muzee, muzee anawaambia watu. Bwana aliona ni njia ndefu kidogo, lakini alidhani ndiyo adabu ya Waarabu.

Siku ya kumi na saba wakataka kupanda ngamia waingie ndani ya jangwa. Muzee alipanga yote na mwenye ngamia, lakini asubuhi homa ikamushika. Nikaenda peke yangu.

Tulitembea. Nyumba zikapotea. Jua likatukalia kichwani, midomo ya bwana ikapasuka.

"Mwambie turudi."

Nikamusomea mwenye ngamia sura fupi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema amina, akaendelea.

"Mwambie tena."

Nikasoma nyingine ndefu kidogo. Huyu naye akanifuatisha, na mahali nilipokosea akanisahihisha. Ngamia hawakugeuka. Nikaona madamu yuko juu kule na maji kidogo ndani ya chupa, nikaona pamba, nikapima vyote viwili. Pamba haiui mutu siku moja.

"Bwana, mimi sijui Kiarabu."

Ngamia walipiga kama hatua ishirini.

"Steshoni ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa naomba Mungu, bwana."

"Na masanduku yalifika."

"Yalifika, bwana."

Nyuma ya kilima cha muchanga tukakuta kisima, kivuli, na mutu anatungoja na chai, namna muzee alivyopanga. Bwana alikunywa vikombe vitatu. Madamu alisema hajaona mahali pazuri kama pale.

Tulirudi Kabambare. Siku ya pili bwana akatoka na kamba yake, akanipimia shamba. Alinipimia kama kila mutu, hakuongeza hata hatua moja. Alikuwa mutu wa haki, ndiyo maana hakukuwa na mahali pa kulalamika. Boyi mupya alikuwa Mukristo wa misioni, hakuandikwa Mwarabu.

Palizi ya kwanza, mama alikuja kunisaidia. Tulikuwa mustari mumoja na majirani, na kapita, musimamizi wa kutusukuma, nyuma yetu.

"Sasa kule kuna uzuri gani?" kapita akauliza.

"Hakuna majani."

Majembe yakapungua.

"Hata kando ya barabara?"

"Hata barabara yenyewe haionekani."

Kapita akasahau kutusukuma. Jirani mumoja akasema Mungu ana upendeleo wake, hilo linajulikana.

Mama akasimama, mukono kiunoni. Alikuwa ameanza kupinda namna ya baba.

"Na asubuhi, baba, wanaamka kufanya nini?"

Nikaona ule ufagio. Nikaona na mugongo wake.

"Wanakaa, mama. Wanakunywa chai."

Akawafikiria wale watu kidogo, wamekaa.

"Damu yetu hiyo," akasema, akainama tena.