Nyimbo Nilizotaka Ziwe Zangu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa mwanafunzi wa utafiti, nimerudi chuoni na mkoba uliojaa kanda za nyimbo za kubembeleza watoto, nilizorekodi kwa akina bibi wa Kizigua wa Misima na Sindeni. Nilizipata kwa jua na vumbi. Mwalimu wetu akaniagiza nizikabidhi kwenye hifadhi ya chuo, maana Zuhura, mwenzangu aliyerekodi nyimbo za Kishambaa kule Lutindi, alizihitaji azilinganishe na zake.

Wivu ukaniingia. Zuhura alikuwa hodari wa kuandika kuliko mimi, na nilijua akizigusa tu, sifa zitakuwa zake. Nikamwambia mwalimu kwamba lazima kwanza nikaombe ruhusa kwa wenyewe. Kweli ilikuwa lazima, lakini moyoni nilikuwa naomba wakatae.

Basi nikaenda Sindeni kwa Bibi Mwanahawa, aliyeniimbia nyimbo nyingi kuliko wote. Nilimwamkia, nikamweleza, kisha nikamchokonoa: kwamba yeye bibi hamjui huyo Zuhura, ambaye hajawahi hata kukaa kwenye mkeka wake. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi.

"Mjukuu wangu, niliimba ili nisikike," akasema. "Mbona unataka kunizika na mimi bado mzima?"

Nikainamisha kichwa. Akaendelea kwa upole kwamba ule wimbo mmoja aliomwimbia mwanawe aliyefariki usisikilizwe na mtu mpaka yeye mwenyewe aondoke duniani. Nyingine zote nitoe, ila nisisahau kusema ni za nani.

Nikafanya hivyo. Zuhura akazisikiliza pamoja na zake, akagundua kuwa wimbo mmoja unaimbwa na Wazigua na Washambaa, kila mmoja kwa lugha yake. Siku alipoeleza hayo ukumbi ulijaa, akapigiwa makofi, nami nimekaa nyuma wivu unanitafuna. Sikufichi, makofi yale bado yananiuma kidogo. Lakini jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la Bibi Mwanahawa, la pili langu. Na mimi peke yangu nisingeuona ule undugu wa nyimbo, maana Kishambaa sikijui.

Mwanangu, nawe una rekodi zako ndani ya kompyuta. Waulize waliokupa: kipi kitolewe, kipi kisitiriwe. Andika wazi ni za nani, kisha ziweke mahali ambapo mwenzako atazipata. Wivu utakuja tu, usiuache ukuamulie. Mungu akulainishie moyo, na kila sauti uliyopewa ifike mbali ikiwa na jina la mwenyewe.