Siku Nilipomzungusha Mama Mkwe Mahotelini

Nakumbuka siku niliyomzungusha mama mkwe wangu katika hoteli za Tabora tangu asubuhi mpaka jua likageuka, nikitafuta mahali atakapokubali kula, naye asitie hata tonge kinywani. Nimeikumbuka leo, mjukuu wangu, kwa sababu umekuja na swali lako: wageni wako wa posa wanafika, uwapeleke hoteli gani? Ukadhani nitakutajia jina uondoke. Kaa kwanza. Majina ya hoteli hata mimi niliyajua, tena niliyajua kuliko wenzangu wote, na siku ile hayakunisaidia.

Nilikuwa fundi baiskeli, kijana kapera, nimepanga chumba mtaa wa Ng'ambo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, akanilea shangazi yangu Zuhura, fundi cherehani, mtu wa mteja mmoja baada ya mwingine. Chakula cha mchana kila mtu alijitafutia. Kwa hiyo nilikula hotelini kila siku, na Tabora nikaijua kwa tumbo. Vijana waliniuliza kama unavyoniuliza wewe. Waliogombana wakitaka kupatana, niliwapeleka hoteli ya chai yenye mabenchi ya nje, kwani chai ya moto haimruhusu mtu kuinuka upesi. Mwenye furaha alikwenda kwa Mwarabu nyuma ya soko, akale pilau. Msafiri nilimwelekeza stesheni, kwenye migebuka, wale samaki wa ziwani, iliyoshuka na treni ya Kigoma, maana ile ilimkaa mtu tumboni mpaka aendako. Na mwenye njaa tupu, asiye na mgeni wala shughuli, nilimwambia aende gengeni akale ugali, asijisumbue. Nilijiona mwalimu wa jambo hili. Hata mchumba nilimpata kwa njia hiyo hiyo.

Kalunde alikuwa binti wa Lusu, huko Nzega. Alikuja mjini kumuuguza mjomba wake, Mzee Masanja, aliyelazwa hospitali. Siku moja alisimama mbele ya kibanda changu akauliza wapi atapata uji laini wa mgonjwa. Niliacha gurudumu la watu chini, nikampeleka. Mjomba akaupenda uji ule, akapona, nami nikaanza kuugua.

Shangazi na wazee wa mtaa wakaenda Lusu kuposa. Mimi sikwenda, kwani mwoaji hajiposei. Jibu likaja kwamba mjomba ameridhika, ila mama hajasema neno. Baba yake Kalunde alikuwa amekwisha kufariki, na neno la mama ndilo lililobaki. Mama alitaka aje mwenyewe aone mahali mwanawe atakapochota maji na kupika, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Siku ya kuja kwao, mama na Mjomba Masanja, alfajiri, shangazi akaletewa habari ya msiba Ipole. Akajitanda kanga, akapanda lori lililokuwa linafuata tumbaku, na akiwa juu kule akaniambia, "Mwanangu, nitarudi alasiri. Wageni wasikae na njaa. Wapeleke pazuri, uwaheshimu." Basi. Mengine alidhani nayajua.

Mama aliposhuka kwenye basi nilimkimbilia, nikainama. "Shikamoo mama," nikasema, nikanyoosha mkono. Aliitikia marahaba akiwa anatazama ubavu wa basi. Mkono wangu ukabaki hewani mpaka Mjomba Masanja akaudaka kwa huruma. Nikajisemea, mama wa watu amechoka na vumbi la njia.

Chumba alikiona. Kisima akakiona. Jiko la shangazi alilikagua mpaka ndani ya vyungu. Lakini nikiingia, yeye anatoka, na nikitoka, anaingia. Nilijikuta nazunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi asiyejua mlango uko wapi.

Tukaenda kwa Mwarabu. Mchele wakati ule ulikuwa wa kupangia foleni, na kumlisha mtu pilau ilikuwa ni kumwambia kwamba unampenda. Nikaagiza sinia moja la watu watatu. Kwetu watu wa mjini mgeni hali peke yake. Mwenyeji hunawa naye, tena hutangulia kumega, mgeni asione haya. Mama alifika kizingitini, akaniona nimekaa mbele ya sinia, akajifunika kanga usoni, akarudi nje kukaa barazani. Nikamfuata na sahani mkononi.

"Karibu mama. Usione haya, kula."

Nikachuchumaa mbele yake, maana ndiyo adabu niliyofunzwa. Akageukia ukutani. Nikazunguka upande wa pili. Akageuka tena. Wanywaji kahawa wa pale barazani wakaacha bao lao wakatutazama, wakidhani ni ngoma ya Kinyamwezi wasiyoijua. Huko ndani Mjomba Masanja alikuwa anaendelea na sinia.

Hapo ndipo akili ilipoanza kunizunguka. Labda ni nyama, nikawaza. Ukoo wao ulikuwa wa mchanganyiko, huyu Mkristo, yule Mwislamu, mwingine bado yuko na mizimu yake. Labda nyama iliyochinjwa na mtu asiyemjua haili. Lakini samaki hana mchinjaji! Nikafurahi kwa busara yangu, nikawaongoza stesheni.

Mjomba alikula migebuka, akaisifu, akalamba vidole. Mama alisimama nyuma ya nguzo, na niliposogea na bakuli, akasogea. Labda ni viti. Labda ni wanaume wengi. Labda ni uso wangu. Jua lilikuwa kali, mama ametoka Nzega tangu kabla ya mapambazuko, na midomo nilimwona imemkauka. Nilimwonea huruma, nikamwogopa, kisha nikaanza kumkasirikia, yote kwa wakati mmoja, nisijue nishike lipi.

Palikuwa na hoteli ya ushirika karibu na stendi, yenye mabenchi marefu na watu wote wakiitana ndugu. Nikafikiri, mama ametoka kijiji cha ujamaa, hapa angalau atajiona yuko kwao. Tukapokelewa na mhudumu mwenye bidii nyingi.

"Karibuni ndugu! Ndugu mama, kaa hapa kando ya ndugu kijana. Hapa hatubagui, benchi ni moja."

Mama akalitazama lile benchi, akaitazama miguu yangu, akatoka kwa mwendo wa karibu kukimbia.

"Ndugu mama ana nini?" mhudumu akaniuliza.

"Hata mimi sijui, ndugu," nikamjibu, na nadhani ndilo neno la maana pekee nililosema siku ile.

Uvumilivu ukaniishia. Nikamgeukia Mjomba, aliyekuwa amekwisha kuumega ugali wa ushirika.

"Mjomba, kama hamnitaki, semeni. Mama hajagusa kitu tangu asubuhi."

Mjomba akaacha kutafuna, akanikodolea macho. "Sasa kijana, atakulaje nawe upo?"

Mwanangu, maneno yale yaliniuma. Nilielewa kwamba mimi ni kinyaa, kwamba mtu akiniona chakula kinamkwama kooni. Nikamfikiria Kalunde, na ule uji, na jinsi alivyocheka siku ile nilipomwagikiwa nao. Nikaona vyote vimekwenda. Nikasema, "Basi twendeni stendi. Habari imeisha."

Mjomba akanawa, akanifuata bila kujua habari ipi imeisha. Naye alikuwa na fumbo lake. Baadaye sana aliniambia kwamba alidhani kumlisha mjomba katika kila hoteli ni desturi ya watu wa mjini, na pale kwa ndugu alikuwa anajilazimisha tu kwa heshima.

Stendi tulikaa hivi: mimi huku, mama kule amenipa mgongo, Mjomba katikati ameshika tumbo. Basi la Nzega lilikuwa linapakia mizigo. Ndipo lori la kutoka Ipole likasimama, shangazi akashuka na kanga zake za msibani.

"Mmekula?"

"Mjomba amekula," nikasema. "Mama amenikataa."

Nikamweleza yote, tangu mkono uliobaki hewani. Shangazi aliwahi kuolewa Nzega enzi za usichana wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanichapa kofi la mgongo ambalo abiria wote walilisikia.

"Mjinga wewe! Kwao mama hali mbele ya mkwe wake, wala hatazamani naye. Mtu asiyemhusu anakula naye popote, hata utingo wa basi. Wewe anakukimbia tangu asubuhi kwa nini? Kwa sababu amekwisha kukufanya mkwe! Angekaa akala pilau mbele yako, hapo ndipo ungerudi chumbani kwako ukalia."

Nikautazama mgongo wa mama. Alikuwa amekaa na njaa siku nzima kwa kuniheshimu, nami namkimbiza na sahani kama mtu anayefukuza kuku. Bado kidogo tu ningempakia kwenye basi na kumrudisha kwao, na ndiyo yake akiwa amekwisha kuitoa. Nilitaka kumkimbilia nimwombe radhi. Shangazi akanidaka shati.

"Unakwenda wapi tena?"

Alimchukua mwenyewe, wakaenda gengeni hapo hapo kando ya stendi, ambako mama mmoja alikuwa anapika ugali na mlenda wa karanga kwa wapakiaji mizigo. Mahali hapo mimi, mwalimu wa hoteli, nilipaona pa mtu asiye na mgeni. Shangazi akavua kanga moja, akaifunga kwenye nguzo mbili za banda ikaning'inia katikati. Mama akakaa upande ule. Mimi nikawekwa upande huu, nikakatazwa kusema.

Nikasikia maji ya kunawa. Nikasikia bakuli linavutwa. Kikapita kimya cha mtu anayekula kwa njaa ya kweli, kisha sauti ya mama ikaomba aongezwe mboga. Sijapata kusikia maneno matamu kama yale. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Basi lilipopiga honi, mama alisema na shangazi, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwambie mkwilima nimeshiba. Kisima chenu kiko karibu, nimekiona. Mwanangu atakuja. Ila asimtembeze kama alivyonitembeza mimi."

Mkwilima ni mkwe kwa lugha yao. Hivyo ndivyo nilivyomwoa bibi yenu.

Miaka yake ya mwisho mama yule aliishi nasi hapa. Hatukuwahi kula tukitazamana. Alikula jikoni, nami nikala upande wa pili wa ukuta, na nilizoea kungoja mlio wa bakuli lake ndipo nimege. Alipofariki nilikaa mbele ya ugali siku kadhaa nikiusikilizia mlio ule, na ugali ukapoa.

Sasa unaniuliza hoteli. Ya Mwarabu ilifungwa zamani, ya ushirika waligeuza ghala. Zilizopo leo nyingi sizijui, na hata mambo yenyewe siyajui tena. Juzi nimealikwa harusini, nikaona mkwe na mama mkwe wanalishana keki mbele ya watu, wanapigiwa makofi. Mwenzako sikujua nicheke au nijifunike uso. Labda kwao ni heshima. Wageni wako wanatoka Igunga, umesema wengine ni wafugaji, na dada yao ni mwalimu. Sijui wao wanaficha nini na wanaonyesha nini, na nikijifanya najua nitakupoteza kama nilivyojipoteza mimi.

Lakini hili nalijua, mwanangu, lishike. Nyumba njema si mlango, na hoteli njema si pilau. Kabla hujauliza wapi wanapika vizuri, uliza nani anakula na nani, na nani anaona haya mbele ya nani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuchuchumaa na sahani mbele ya mtu anayekukimbia. Tena uliza mapema, na umuulize mtu ambaye bado hajashiba, maana Mjomba Masanja jibu alikuwa nalo siku nzima, ila kila nilipomtazama mdomo ulikuwa umejaa. Na mtu akikikataa chakula chako, usikimbilie kusema amekukataa wewe. Huenda ndiyo kwanza amekupokea, ila hujajua namna yake ya kupokea.

Haya, nenda, wageni wasije wakakukuta kwangu. Mwenyezi Mungu akupe mke wa heri, akupe na mkwe atakayekubali kukaa na njaa kwa ajili ya heshima yako. Na wewe akupe akili ya kuondoka hapo, mama wa watu ale.