Miguu Kumi na Miwili ya Mama

Harufu ya mbao mbichi ikinipita barabarani, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Hunirudisha kwenye ule msimu ambao lava ilikuwa imefunika nyumba yetu ya Goma, nasi, watu saba, tukibanana katika chumba kimoja cha jirani. Papa aliagiza mbao kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu aliyezoea kununua Uganda na kuandika kila kitu kwa Kiingereza. Wiki moja kabla ya mbao kufika alituletea karatasi yenye urefu wake: 12 feet. Papa alitaka msingi uwe tayari, basi akaniita. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, wa kwanza kusoma Kiingereza katika ukoo mzima, na majivuno yangu yalikuwa hayaenei mlangoni.

"Karatasi inasema nini?"

"Miguu kumi na mbili, papa."

"Miguu ya nani?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu langu. Nilisema, ya mutu yeyote. Papa akacheka, akasema nyumba ni ya mama, basi apime mama. Mama akavua kandambili, akatembea juu ya lava iliyopoa, kisigino kikigusa kidole, nami nikihesabu kwa sauti ili majirani wasikie. Papa akapanga mawe meusi kwa saruji, pande zote nne.

Mama alikuwa na mguu mdogo. Mbao zilipofika, kila moja iliupita msingi kwa hatua nzima. Kuzikata kungetuachia banda la kuku. Kubomoa msingi kulimaanisha kuanza upya, na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Kingereza yako imetuharibia nyumba," Papa alisema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Shule imeisha. Utaenda Kibati kwa shangazi yako, utauzisha makala ya kupikia pamoja naye."

Nililia, sikatai. Lakini kuuliza si ujinga, na asubuhi nilimfuata mwalimu wangu. Akachukua rula yangu, ile tuliyoiita late, akaigeuza upande ambao sikuwahi kuutazama. Foot ni mguu, alisema, na foot ni kipimo pia: inchi hizi kumi na mbili ni futi moja. Nilikimbia nyumbani, nikailaza rula juu ya ubao mbele ya Papa. Ilienea mara kumi na mbili.

"Papa, karatasi haikudanganya. Ni mimi nilikosa. Tubomoe, nitapima mimi mwenyewe."

Papa akanipa kamba ya kupimia. Siku nne nilibeba mawe mpaka viganja vikachubuka. Ubao wa kwanza ulipolala juu ya msingi mpya bila kupungua wala kuzidi, Papa alimgeukia mama: "Siku ya lundi, juma likianza, huyu arudie masomo."

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi wangu wana simu zinazowapa maana zote za neno kufumba na kufumbua. Sisi tulikuwa na maana moja tu, na tuliiamini kwa moyo wote. Wazazi, hao hawajabadilika. Kufanya kosa si kosa, husema wote, lakini kila mwaka mmoja wao huja amefura, anataka kumtoa mwanawe shuleni kwa sababu ya kosa moja. Namkaribisha kiti, namsikiliza mpaka amalize. Kisha namsimulia miguu kumi na miwili ya mama, naye huondoka peke yake, mtoto hubaki.