Msumari wa Malambo

Msumari ulikuwa ndani ya tairi, na sikuuona kwa sababu kinyesi cha ng'ombe kilikuwa kimekauka juu yake kikawa na rangi moja na mpira. Nilikuwa nimekaa chini mnadani Malambo, tairi katikati ya magoti, nikimkatia mzee mmoja wa Kimaasai jozi ya katambuga, viatu vya tairi. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Wa pili ameuweka juu ya kipande cha mpira ili nimchoree wayo. Nilipolivuta tairi kwa nguvu ili kisu kipite, msumari ukaingia kwenye mnofu wa chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Uliingia wote.

"Ero, kijana," mzee akasema, "tairi limekuuma?"

"Kidogo tu, mzee."

"Basi maliza kiatu. Mguu wangu hauwezi kuning'inia hapa mpaka ng'ombe warudi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikafanya kile ambacho mafundi wote wa katambuga ninaowajua hufanya. Nilichomoa msumari, nikaubonyeza mkono mpaka damu ikapungua, nikapaka gundi ya solusheni pembeni ya tundu, nikangoja ikauke kidogo, nikabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli na kukigonga kwa mpini wa kisu. Juu yake nikafunga utepe wa mpira, nikaukaza. Maji hayaingii, vumbi haliingii, kazi inaendelea. Nilikwisha kujiziba hivyo mara nyingi. Nilimkabidhi mzee katambuga zake, akazijaribu kwa kuruka mara mbili, akaondoka bila kuangalia nyuma. Kwa Wamaasai hiyo ni sifa.

Niliondoka shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimevuna ngano Mbulumbulu, nimefungulia maji mashamba ya Digodigo, nimepanda juu ya magari ya mizigo ambako hakuna aliyejua jina langu. Kukata katambuga nilijifunza kwa kumtazama mtu mmoja siku tatu mfululizo, naye akidhani nina njaa. Wakati huo wa msumari nilikuwa nimepanga chumba Karatu, karibu na lami, na nilifanya kazi barazani huku magari ya watalii yakipanda kwenda Ngorongoro.

Chumbani nilikuwa na maktaba. Ndivyo nilivyoiita, ingawa ilikuwa boksi. Wauza misumari na wauza maandazi hununua vitabu na madaftari ya zamani kwa ajili ya kufungia bidhaa, na mimi huwa nawaomba wanipe kwanza nichague. Nilikuwa na riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho, kitabu cha jiografia kisicho na mwanzo, na daftari la mwanafunzi wa uuguzi, mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Mtu yule alikuwa ameandika magonjwa moja moja, kila moja na dalili zake na matibabu yake, na mimi nilikuwa nimeyasoma kama hadithi, nikijua yametokea kwa watu wengine.

Siku ya tatu baada ya Malambo kidole kilikuwa cha moto. Nilikaa kitandani saa nne asubuhi, nikafungua daftari kwenye pepopunda.

Nilisoma kwamba vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Nikasoma kwamba hupenda kidonda chembamba chenye kina, mahali hewa isipofika. Nikautazama mkono wangu, kiraka kimeshika vizuri, kingo zote zimelala. Nikasoma kwamba huanza kwa taya kukaza. Chini yake mwanafunzi alikuwa ameandika neno "Matibabu" na kulipigia mistari miwili. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu. Ukurasa uliofuata ulizungumzia kuhara.

Nilijua yaliyokuwa mbele ya ule utupu. Nikiwa na miaka saba, mjomba wangu alikanyaga kisiki cha bua la mahindi shambani kwetu, upande wa Mbulu. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi. Nakumbuka kwamba madirisha yalizibwa kwa magunia mchana, na sisi watoto tukakatazwa kukimbia uani. Mtu akiangusha sufuria, mjomba aliinuka katikati kama upinde, visigino na kisogo tu vikigusa kitanda, na uso wake ukiwa kama unacheka. Hakuwa anacheka. Shangazi aliwaambia hata kuku, "Ninyi, nyamazeni."

Nilifungua mdomo. Ulifunguka. Nikaingiza vidole vitatu vilivyosimama wima katikati ya meno, vikaingia. Baada ya muda nikaona labda viliingia kwa shida kidogo kuliko mara ya kwanza.

Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sikwenda. Naandika hivi kwa aibu. Niliogopa kwamba nikiingia pale mtu mwenye koti jeupe atalisema lile neno, na likishasemwa litakuwa langu. Nikiwa chumbani lilikuwa bado la daftari.

Basi nikawa najipima. Mimi hupiga mluzi nikikata mpira, hasa nyimbo za dansi za zamani, zile ambazo gitaa huongea peke yake kwa muda mrefu kabla mtu hajaimba. Siku ile mluzi ulitoka mwembamba. Nikafungua redio, wakawa wanapiga kwaya, nikaimba sauti ya nne kwa mdomo mpana kuliko mwanakwaya yeyote. Nikaongeza sauti ya redio ghafla hadi mwisho ili nione kama mgongo utashtuka. Ulishtuka. Lakini mgongo wa nani usingeshtuka? Nikarudia, na safari hii sikuweza kujua.

Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa watoto wanne anayeuza makande, alichungulia mlangoni.

"Wewe Mmbulu, umekuwa kiziwi?"

"Samahani, mama."

"Na mdomo huo unaufungua kwa nani? Kama kifaranga!"

"Nanyoosha taya."

"Taya linanyooshwa na chakula. Lete bakuli."

Makande yake huwa magumu kidogo. Nilitafuna, na taya likauma, na kwa sababu liliuma nikaacha nusu. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi.

Jumamosi mchana nilikwenda kwenye kibanda cha video nijisahaulishe. Ni mahali ninapopapenda kuliko kanisa, Mungu anisamehe. Filamu zinatoka nchi za mbali, na juu ya sauti zao kuna mtu mmoja anayewasemea wote kwa Kiswahili, mzee, binti na jambazi, na akiboreka anatia utani wake. Siku zote namsikiliza yeye kuliko wanaoonekana. Ile ya siku hiyo ilikuwa na jangwa na mtu anayetafuta maji, na nilikuwa nimeiona mara mbili. Nilijua bunduki italia wapi. Nilijishika benchi. Ilipolia, shingo yangu ilikaza na haikulegea haraka. Mtafsiri akasema, "Hapo sasa, kaka, kafa amesimama," watu wakaangua kicheko. Nikatoka nje kwenye jua.

Maisha yangu yote nina dawa moja tu. Nilirudi chumbani nikaanza kufunga begi.

"Unahamia wapi tena?" Mama jirani alikuwa anapepeta maharage mlangoni kwake.

"Digodigo. Kuna kazi."

"Na mkono huo?"

"Mkono gani?"

"Huo unaouficha mfukoni tangu Alhamisi. Utoe."

Nikautoa. Ulikuwa umevimba mpaka kiraka kimezama kama kifungo kwenye mto. Akauliza ilikuwaje, nikamwambia msumari, nikamwambia kinyesi cha ng'ombe, na nikamwambia habari za mjomba, nikisema haraka haraka. Hakuwa na haraka. Aliweka ungo chini, akachukua begi langu, akalitupa ndani ya chumba chake, akafunga kwa kufuli.

"Nilichomwa sindano ya pepopunda kwenye mimba zote nne. Twende."

"Hiyo si ya wajawazito?"

"Basi leo utakuwa mjamzito."

Hospitali tulikalishwa kwenye benchi refu pamoja na akina mama sita, matumbo kwenye magoti. Nilijitahidi kujifanya nimekuja na jirani yangu.

"Kaka," mmoja akaniuliza, "wako una miezi mingapi?"

"Siku tano," nikajibu. Wakacheka sana, na mimi nilikuwa sioni vizuri kwa hofu.

Muuguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Nani kakuziba hivi?"

"Mimi mwenyewe. Mimi ni fundi."

"Fundi wa watu?"

"Wa katambuga."

Alivuta pumzi. "Kumbe umeziba pancha. Sasa sikiliza, fundi. Tairi unaliziba upepo usitoke. Kidonda cha namna hii kinataka upepo uingie. Hawa wadudu umewajengea nyumba, na mlango ukawafungia."

Alikiloweka kiraka, akakibandua polepole. Kilichotoka sitakieleza. Akachoma ganzi, akakata tundu likawa pana, akaosha, akaosha tena, kisha akanichoma sindano ya pepopunda begani. Huku nimeangalia pembeni nilimwambia habari za daftari, na kwamba chini ya "Matibabu" hapakuwa na kitu.

"Labda alisinzia darasani," akasema. "Matibabu ndiyo haya. Kukata, kuosha, sindano, vidonge."

"Kwa hiyo nimepona?"

Hapo akaweka mkasi chini. "Ungekuja siku ile ile ningekujibu vizuri. Kuhusu sindano hii, sikudanganyi. Inaweza kuwa imewahi, inaweza kuwa imechelewa. Ugonjwa huu unaweza kungoja wiki tatu. Uje kila siku kusafisha, usisafiri. Taya likikaza, uje hata kwa kutambaa. Na mwezi ujao uje sindano ya pili."

Usisafiri. Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Nilikuwa nimezoea kwamba jambo baya huwa mahali fulani, na mimi nikitoka hapo nimeliacha. Hili lilikuwa ndani ya mkono wangu, na niliamriwa nikae nalo.

Nilikaa. Kila nilipoamka, kabla ya kufumbua macho, nilifungua mdomo kwanza. Niliingiza vidole vitatu. Jirani akawa anagonga ukuta: "Umefunguka?" Nami najibu, "Umefunguka." Siku ya tisa shingo iliuma nikalia kabisa, na muuguzi akagundua nilikuwa nalala upande mmoja ili nisilalie mkono. Siku ya kumi na tatu mlango wa duka uligongwa na upepo, nikaruka, nikakaa chini barabarani kungoja mruko wa pili. Haukuja. Sikuamini, nikakaa zaidi.

Uvimbe ulishuka. Kidole kikawa na ganzi upande mmoja hadi leo, kisu kikigusa pale sijui. Nikaanza kukata tena, polepole, nikilipiga kila tairi kwa brashi na maji kabla ya kulishika.

Siku ya kumi na tisa niliamka, nikapiga mswaki, nikanywa chai, nikatoka barazani, nikamaliza jozi mbili. Jua lilikuwa limepanda kabisa nilipokumbuka kwamba sijalijaribu taya. Hofu ikanijia upya, kali kuliko zote, kana kwamba kwa kusahau nilikuwa nimeacha mlango wazi. Nikaweka kisu chini. Nikafungua mdomo pale pale kando ya lami, mpana kadiri ulivyoweza, na ukafunguka mpaka masikio yakalia. Gari la watalii lilikuwa linapita. Mmoja wao aliyekuwa amesimama, kichwa nje ya paa, aliniona nimeachama hivyo, akageuka haraka na kamera yake kutazama ni mnyama gani niliyemwona nyuma yake.